Manyoya Yaliyochemka

Mama Kanini,

Nilianza barua hii kwa kuandika kwamba natumai itakukuta salama, kama tulivyofundishwa shuleni, nikaukata mstari. Nikaandika kwamba mimi huku ni mzima wa afya, nikaukata na huo, maana ungekuwepo ungeniangalia miguu kwanza ndipo uamue mwenyewe. Miguu imevimba, Mama. Siku sita za wiki nasimama masaa kumi na mawili kwenye geti la gereji ya jumba moja pale The Pearl, mtaa wa matajiri huku kwa Waarabu, nawafungulia watu wenye magari ambayo hata hayatoi sauti. Leo ni Ijumaa, siku yangu ya kukaa. Nimetoka kanisani Mesaimeer, maana huku ibada ni Ijumaa, nimekula wali wa jana, nimepindua ndoo ikawa meza. Nimechoka, lakini nikisema nitaandika nikishapumzika sitaandika kamwe.

Una miezi mitatu kaburini. Mazishi yako niliyaona kwenye simu. Nilimwomba mudir, bosi wangu wa huku, ruhusa ya dakika kumi, akaniangalia, akasema tano, nikaingia choo cha walinzi nikajifungia. Nikaona jeneza. Nikaona wanawake wa kiwandani wamesimama mstari mmoja, leso kiunoni. Kisha msimamizi wetu akapewa nafasi aseme machache kwa niaba ya kiwanda. Akasema ulikuwa fundi wa manyoya ambaye hajatokea mwingine pale, mpaka mkono ulipokukataa. Alisema hivyo hivyo, mpaka mkono ulipokukataa, na watu wakatikisa vichwa kukubali. Hapo picha ikakwama. Nikatoka chooni, nikarudi getini, nikafungulia gari jeupe na kumtakia mwenyewe mchana mwema.

Mkono wako haukukukataa. Mimi ninajua kwa nini vidudu vile ulivyofunga vilizama ndooni, na nimejua miaka minne bila kufungua mdomo. Hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Watu wa huku wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani nyumbani, nasema nilikuwa nafunga nzi. Wanacheka. Akinyi, tunayelala naye chumba kimoja, alikataa katakata kuamini kwamba pale Machakos kuna jengo ambamo wanawake arobaini wanakaa mezani wakifunga manyoya ya wanyama kwenye ndoana mpaka yafanane na mdudu, ili mzungu fulani huko kwao amdanganye samaki mtoni. Akaniuliza huyo samaki ana sura gani. Nikasema sijawahi kumwona. Akacheka mpaka akalala chini. Na ni kweli, Mama, hata wewe hukuwahi kumwona. Miaka ishirini na mbili ulimtengenezea chakula mtu usiyemjua sura.

Siku yangu ya kwanza uliniambia nifumbe macho. Ukaniwekea vishungi vitatu vya manyoya kiganjani, kimoja kimoja, ukasema nivisugue kati ya vidole na nisiseme kitu. Kisha ukaeleza. Haya ya kulungu yana uwazi ndani, ni mirija mitupu. Ukiyabana kwa uzi yanafumuka pande zote, na kidudu chako kitaelea. Haya ya mkia wa ndama yamejikunja na hayataki kupangwa, uyabembeleze. Haya ya mbuzi yamejaa ndani, hayafumuki hata ukivuta mpaka uzi ukatike, lakini yakiingia majini yanacheza yenyewe. Nilidhani hayo ndiyo mafunzo yote. Kumbe hata ngozi moja ya kulungu ina wanyama watatu ndani yake, ya tumboni manene ya kutengenezea vichwa, ya mgongoni membamba ya mabawa, na ya miguuni ambayo hukuniruhusu kuyagusa mwaka mzima. Nilipokata ya mgongoni nikataka kutengeneza kichwa, ulinipiga kofi la mkono. Halikuuma. Niliona aibu tu, maana meza nzima iligeuka.

Nakumbuka kazi ile kuliko ninavyokumbuka sala. Unakata karibu na ngozi, unakata shina, hukati ncha hata siku moja, kwa sababu ncha ya asili haina mkasi unaoweza kuiiga. Unachana sufu ya ndani kwa kitana cha chawa, kile ulichomnunulia Kanini alipokuwa darasa la pili. Sufu ikibaki, manyoya yanateleza na hayafumuki sawa. Kisha unayatumbukiza, ncha chini, ndani ya kikopo kitupu cha lipstiki, unagonga meza mara tatu, ncha zinalingana. Kikopo chako kilikuwa bado na rangi nyekundu kwenye kingo. Ulikuwa ukisema lipstiki yenyewe ulipaka siku moja tu, ya harusi, na mwenye harusi hakuona. Hata leo mtu akigonga meza mara tatu nageuka.

Halafu uzi. Mizunguko miwili iliyolegea, kisha unakaza. Hapo ndipo niliposhindwa miezi. Niling'ang'ania yale manyoya kwa vidole kana kwamba yatakimbia, na kila nilipokaza yalisimama upande mmoja tu wa ndoana. Ulikuwa ukipita nyuma yangu na chai yako, husimami hata kusimama, unasema, "Unashika sana, Mwikali. Achia ukivuta." Siku nilipoachia, manyoya yakazunguka ndoana yote yenyewe, yakajaa, nikakuita uje uone. Ulikuja, ukatazama, ukasema kumebaki mia tisa tisini na tisa ndipo uniite tena.

Sasa nije kwenye sufuria.

Unakumbuka nilikuwa nimebakiza siku kumi kusafiri. Kulikuwa na oda ya vidudu vyenye vichwa vya kijani, ile kijani tuliyoiita ya jeshi, na mimi ndiye niliyepewa kupaka rangi ngozi za kulungu kule uani. Niliosha mafuta kwa sabuni ya vyombo, nikatia siki, nikayeyusha rangi, nikawasha jiko la gesi. Ulikuwa umenifundisha kupima maji kwa mkono. Unatumbukiza vidole, unaanza Baba Yetu, na kama hufiki kwenye mkate wetu wa kila siku, maji ni moto mno, punguza moto. Nilipima, Mama. Nilifika mpaka kwenye mkate. Nikatia manyoya. Kisha simu ikalia, ilikuwa ajenti, anasema viza imetoka, lakini anataka barua ya mwajiri kuonyesha kwamba nina mwenendo mzuri. Mtandao ulikuwa unakatika, nikatoka mpaka barabarani. Nikazungumza. Nikafurahi. Nikampigia mama yangu, tukalia wote wawili. Niliporudi uani, sufuria ilikuwa inatokota.

Nilizima. Nikayatoa, nikayaosha kwa maji baridi, nikayaanika kwenye magazeti. Yalipokauka rangi ilikuwa nzuri, nzuri kuliko siku zote, na nikajiambia hakuna kilichoharibika. Lakini uliwahi kuniambia kwamba mirija ile ikichemka inapasuka, na manyoya yaliyopasuka yanakunywa maji. Nilijua. Nikakata vishungi, nikavitia mfukoni, nikaandika karatasi kama ilivyokuwa sheria, mnyama, sehemu, rangi, na jina la aliyepaka. Sheria hiyo ilikuwa yako kabla haijawa ya kiwanda. Ulisema asiyetaka kuandika jina lake kwenye mfuko asitie mkono sufuriani. Niliandika jina langu, nikakuletea mezani, nikaondoka haraka kama mtu anayebanwa na mkojo.

Ulifunga dazani kumi. Siku mbili nilikuwa nakuona kutoka meza ya tatu, umeinama kuliko kawaida, unafunga polepole, hata chai umeacha ipoe. Nilijiambia ni uzee. Naandika hili na aibu yake yote. Niliona unavyohangaika nikajiambia ni uzee.

Siku ya tatu msimamizi akaleta ndoo ya majaribio. Alichukua kimoja kutoka kila dazani, akavitia majini, akasimama na saa yake. Vilielea kidogo. Kisha kimoja kikainama, kikazama, na vingine vikakifuata vyote. Mwezi huo huo msimamizi alikuwa amemfukuza mwanamke mmoja kwa kuunguza ngozi, na barua yangu ya mwajiri ilikuwa ndani ya droo yake, haijatiwa sahihi. Akauliza, "Haya manyoya kapaka nani? Karatasi iko wapi?" Na wewe, bila hata kuniangalia, ukasema, "Karatasi haikuwamo. Lakini manyoya hayana neno. Ni huu mkono. Siku hizi sikazi uzi, na macho nayo yamekwenda."

Wiki hiyo hiyo ukaondolewa meza ya manyoya ukapelekwa kupanga vidudu vya wenzako kwenye maboksi. Mimi nikapata barua yangu. Ulinisindikiza mpaka stendi ukanifunga mtandio shingoni, ukasema, "Ukifika uniambie kama huko kuna mbuzi."

Miaka minne uliniuliza hilo. Kila Ijumaa nikikupigia, baada ya salamu na habari za presha yako, "Na mbuzi je? Manyoya yao ni marefu?" Nami nikijibu kwamba wapo, Mama, nitaangalia. Sikuangalia. Ningesema nini? Kwamba natoka geti naingia basi la kampuni, natoka basi naingia kitandani? Uliniuliza mbuzi, na mimi kila mara nilikuwa na lile jingine kooni. Kuna Ijumaa moja nilianza, nikasema, "Mama, ile oda ya kijani," nawe ukanikata, ukasema unga umepanda bei na simu inakula pesa. Nilishukuru. Nilidhani hutaki kukumbushwa aibu yako. Nikakuachia aibu iwe yako.

Mwezi uliopita Akinyi alikwenda likizo, na aliporudi alikuwa na mzigo kutoka kwa Kanini. Sanduku lako la bati, lile la biskuti lenye picha ya farasi. Kanini aliandika tu kwamba ulisema nipewe. Ndani mlikuwa na jiliwa lako dogo la kushikia ndoana, ndoana chache, uzi, mkasi wenye ncha, kitana cha chawa, kikopo cha lipstiki. Na chini kabisa kifurushi cha plastiki chenye kishungi cha manyoya ya kijani, kimefungwa kwa uzi mwekundu na kuviringishiwa karatasi. Niliutambua mwandiko kabla sijausoma. Ulikuwa wangu. "Kulungu, tumbo, kijani. Mwikali."

Unajua mtu mwoga anavyofikiri. Nilijiambia umehifadhi kumbukumbu ya mwanafunzi wako, basi. Nikarudisha kila kitu ndani, nikasukuma sanduku chini ya kitanda. Likakaa huko wiki nzima na mimi nikalala juu yake.

Ijumaa iliyofuata nilitoka kanisani, chumba kiko kitupu, Akinyi yuko kazini, nikalitoa. Nilitaka tu kuona kama vidole vinakumbuka. Nikafunga jiliwa kwenye chuma cha kitanda, nikaweka ndoana. Manyoya niliyokuwa nayo ni yale tu. Nikachana, nikatia kwenye kikopo, nikagonga mara tatu. Yalilingana vizuri. Mizunguko miwili iliyolegea. Nikakaza, nikaachia nikivuta kama ulivyonifundisha.

Hayakufumuka. Yalikatika. Yalikatika pale uzi ulipopita na kuniangukia mapajani kama ugoro. Nikachukua mengine nikakaza taratibu zaidi, yakakatika. Nikalegeza, yakashika, lakini yakawa yanacheza, hayakushikwa na chochote. Nilikaa pale mpaka shingo ikauma, na nikapata kichwa kimoja tu, kibaya, kimekaa upande, nusu ya manyoya iko sakafuni.

Ndipo nikaelewa, Mama Kanini, na nilipoelewa niliacha mkasi ukaanguka. Hukuhitaji ndoo. Hukuhitaji kidudu cha pili. Ulijua uzi wako ulipokaza mara ya kwanza, kwa sababu hata mimi, mwenye vidole vilivyozoea kubonyeza kitufe cha geti tu, nimejua mara ya kwanza. Ulikaa siku mbili na manyoya yasiyofungika, ukayafunga. Vidudu mia moja na ishirini. Ulipata kipimo cha uzi ambacho hakikati na hakilegei, ukakishika mia moja na ishirini kwa mkono uliosemekana umekwisha, na vilipofika kwenye ndoo vilikuwa vizuri mpaka msimamizi hakuona kasoro kwa macho. Vilizama tu. Hilo la kuzama lilikuwa langu, kufunga kulikuwa kwako. Hakuna mtu pale kiwandani aliyewahi kufunga kazi kama ile, na ndiyo iliyokuondoa mezani.

Nikaigeuza karatasi. Sijui kwa nini sikuigeuza wiki ile ya kwanza. Nyuma yake, kwa ile kalamu yako ya kuandikia maboksi, umeandika, "Maji yalichemka. Mtoto anasafiri."

Nilikukasirikia. Nakuambia ukweli kwa sababu sasa huwezi kunipiga kofi la mkono. Nilikasirika jioni nzima mpaka Akinyi akaniuliza nani kafa, nikasema aliyekufa alishakufa. Ungeniambia. Ungenivuta uani ukaniambia, Mwikali, nimeona, nenda, lakini nimeona. Ningelia, ningeondoka, lakini ningekuwa nakupigia kila Ijumaa kama mtu mzima na si kama mwizi anayemsalimu mwenye duka. Ulinikata siku ile kwa habari ya unga kwa sababu ulijua ninachotaka kusema. Ulinihurumia, na huruma yako nimeibeba miaka minne bila kujua ninabeba nini. Kisha hasira ikaisha, Mama, maana hata kukasirika ni kazi na mimi kesho yake nilikuwa na zamu.

Ningeweza kunyamaza. Laza kila kitu kwenye sanduku, funga, sukuma. Umekufa, msimamizi kasema maneno yake, wanawake wametikisa vichwa, khalas, imekwisha. Lakini kila nikisimama getini nayasikia, mpaka mkono ulipokukataa, na wakati mwingine naona aliyesema si yeye, ni mimi.

Basi nilimtumia Kanini ujumbe wa sauti. Niliurekodi mara nne. Nilisema yote, jiko la gesi, ajenti, mama yangu, karatasi. Nikaona amesikiliza. Hakujibu siku hiyo. Siku ya pili hakujibu. Niliona kwenye simu yupo, anawajibu wengine kwenye kundi la msiba. Siku ya tatu akaandika, "Mama alikuwa akikaa hapa jikoni anajaribu kukaza uzi kwenye kijiti, anasema labda kweli mkono umelegea." Kisha akaandika tena, "Njoo useme mwenyewe, mbele ya wote. Usinitume mimi."

Mstari ule wa kijiti nimeusoma mara nyingi mno. Hata wewe, uliyejua yote, walikusema mpaka ukaanza kujishuku. Niliweka simu chini, nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Wiki iliyopita nikamwomba Musa anipeleke kuona mbuzi. Musa ni Mganda, dereva wa familia moja yenye shamba la mifugo huko Umm Salal, huku wanaliita izba. Nilipomweleza ninachotaka aliniangalia kwenye kioo cha gari akasema, "Sista, watu huomba nyama." Lakini alinipeleka. Wapo, Mama. Wamesimama kwenye kivuli cha mabati, weusi wengi, masikio yananing'inia mpaka kidevuni, na wana harufu ile ile ya mbuzi wa Machakos, nikajikuta nacheka peke yangu. Mchungaji wao ni mzee wa Sudan. Alimshika jike mmoja mweupe pembe, akanipa ruhusa.

Nilifanya ulivyonifundisha. Nilifumba macho kwanza. Ya ubavuni niliyaacha, anajisugua kwenye ukuta na ncha zimevunjika. Ya shingoni yameungua kwa jua, yanakwaruza. Ya mgongoni kuelekea mkiani ndiyo, Mama, marefu kuliko kiganja changu, meupe ya kung'aa, yananyooka hata nikiyakunja. Nikayalowesha kwa mate nikayapuliza, yakacheza. Nikakata shina, sikugusa ncha. Yule mzee akasema kitu kwa Musa, na Musa akaniambia anauliza kama ninamtengenezea mbuzi nywele za harusi.

Nimeyaosha kwa sabuni ya vyombo kwenye ndoo hii hii ninayoandikia. Leo, kabla ya kukaa kuandika, nimeyapaka rangi jikoni kwetu, ile kijani, Akinyi aliniagizia kutoka Nairobi bila kuniuliza ni ya nini. Sikutoka jikoni. Simu niliizima. Nilitumbukiza vidole, nikaanza Baba Yetu, na niliposhindwa kufika kwenye mkate nikapunguza moto nikaanza upya. Vidole vyangu ni vya kijani ninavyokuandikia. Kesho mudir ataniuliza, na nitasema nilikuwa napika.

Likizo yangu ni mwezi ujao, imeshaandikwa. Nitashuka Nairobi, nitalala kwa Kanini kama atanifungulia mlango, na asubuhi nitakwenda kiwandani. Nitabeba karatasi yako na masalio ya kile kishungi kilichochemka. Nitafunga jiliwa lako kwenye meza yako ya zamani, nitamwita msimamizi, nitamwambia akaze uzi yeye mwenyewe kwenye manyoya yale, mbele ya wote. Akishindwa, nitamwambia ni nani aliyeweza mia moja na ishirini. Kisha nitasema sufuria ilikuwa ya nani. Naogopa, sitakudanganya. Naogopa wanawake wale arobaini kuliko ninavyoogopa kufukuzwa huku. Lakini kule kaburini kwako sitakuja kwanza. Nitakuja nikishatoka kiwandani, ili nikifika niwe na cha kukuambia.

Kwaheri niliyokupa stendi ilikuwa na uongo ndani yake, na wewe ukaipokea hivyo hivyo ukanifunga mtandio. Ipokee na hii. Pumzika, Mama Kanini. Mkono wako ulikuwa mzima mpaka mwisho, na mimi ndiye nitakayekwenda kuwaambia.

Uliniuliza kama huku kuna mbuzi. Wapo, na manyoya yao ni marefu. Nimekuwekea mfuko mmoja na karatasi ndani yake, mbuzi, mgongo, kijani, Mwikali. Jina hilo mara hii usiliondoe.

Mwanafunzi wako,
Mwikali